Je, mkeka unaweza kuwa tasnifu? Jibu kwa mwalimu wa Wete

Swali: Mimi ni mwalimu wa hisabati katika skuli ya sekondari huku Wete, Pemba, na nimepata nafasi ya kusomea shahada ya uzamivu. Mama yangu na bibi yangu ni wasusi wa mikeka, na mimi mwenyewe nasuka ukili, yaani ule mkanda mrefu wa majani unaoshonwa kuwa mkeka, tangu utotoni. Nataka utafiti wangu uwe wa kusuka: nitunge mikeka mipya na nieleze hesabu iliyomo ndani yake. Msimamizi wangu wa upande wa hisabati anasema huo ni ufundi, si utafiti, bora nichambue mikeka iliyopo. Wa upande wa utamaduni anasema hesabu itaiua sanaa, bora nikawahoji wazee. Kila mmoja ananivuta kwake. Je, mkeka niliousuka mwenyewe unaweza kuwa sehemu ya tasnifu? Na ukikubaliwa, nitautetea vipi mbele ya watahini?

Jibu:

Mwalimu, ndiyo, mkeka unaweza kuwa sehemu ya tasnifu, tena sehemu inayobeba hoja, si pambo la jalada. Lakini msimamizi wako wa hisabati ana neno usilopaswa kulipita hivi hivi. Mkeka mzuri, hata uwe mzuri kuliko yote iliyopata kusukwa Pemba, hauwi utafiti kwa uzuri wake. Utafiti unataka swali, unataka njia ambayo mtu mwingine anaweza kuifuata na kuikagua, na unataka jambo ambalo halikuwa likijulikana na sasa linajulikana. Kazi yako ni kuonesha kwamba jambo hilo limetoka katika kusuka, na kwamba kwa mahojiano matupu au kwa kalamu na karatasi tupu lisingepatikana. Ukilionesha hilo, wasimamizi wako wote wawili watakuwa na kitu cha kushika. Usipolionesha, wote wawili watakuwa na haki ya kukukatalia.

Kwanza tuwaelewe, maana nadhani hawagombani na wewe. Wanazungumzia vitu tofauti. Mwaka 1993 Christopher Frayling wa Royal College of Art, London, alitenganisha aina tatu za utafiti ambazo watu bado wanazichanganya: utafiti juu ya sanaa, utafiti kwa ajili ya sanaa, na utafiti kwa kupitia sanaa. Tuzilete ukumbini kwenu. Ukikusanya mikeka ya Wete na Micheweni ukauliza nani aliisuka, kwa shughuli gani na kwa majina gani, huo ni utafiti juu ya sanaa, na ndio anaoutaka msimamizi wako wa utamaduni. Ukijaribu rangi kadhaa ili upate isiyochujuka, kisha ukasuka mkeka usiochujuka, huo ni utafiti kwa ajili ya sanaa: ulichokipata kimeingia mkekani na mkeka ndio matokeo. Huo ndio anaouogopa msimamizi wako wa hisabati, kwa sababu haoni utaingia vipi kwenye maktaba. Wewe unataka wa tatu. Unataka kusuka ili ujue, kisha ukijuacho ukiseme kwa namna ambayo na asiyesuka atakipata. Bila shaka hukuwaambia hivyo kwa maneno haya, na wao wamekuweka katika kabati walizozizoea.

Kuna swali jingine litakalokusaidia kujipima, na nimelichukua kwa Linda Candy, aliyeandika mwongozo juu ya mambo haya mwaka 2006 katika Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Sydney, Australia. Jiulize: mtahini akisoma maandishi yako yote lakini asiuone mkeka hata mmoja, je, atakuwa amekipata chote ulichokigundua? Akiwa amekipata chote, basi kusuka kwako kulikuwa njia tu, na tasnifu yako ni maandishi ya kawaida yenye picha. Si vibaya. Akiwa kuna kitu hawezi kukielewa kikamilifu mpaka aushike mkeka, augeuze, aone maungio yake, basi mkeka ni sehemu ya hoja na lazima uwasilishwe. Amua mapema uko wapi kati ya hayo mawili, kwa sababu kanuni, muda, gharama na hata chumba cha mtihani vinategemea jibu hilo.

Sasa swali lenyewe. Hapa ningependa tukae kidogo, kwa kuwa ndipo tasnifu nyingi za namna hii zinapofia. Mwanafunzi huja na mada badala ya swali: "hisabati katika ususi wa Pemba". Mada pana namna hiyo itakupa sura tano za maelezo ya kweli yasiyomshangaza yeyote. Wewe tafuta pale ambapo hesabu yako na mkono wa mama yako havikubaliani.

Nikupe mfano, nawe si lazima uuchukue. Tuseme una ukili wa bapa, wa juu moja chini moja, wenye chane tisa, yaani vipande tisa vyembamba vya jani. Kila chane inaanzia ukingo mmoja, inakwenda mshazari mpaka ukingo wa pili, inapinda, inarudi. Zipe nafasi namba, moja mpaka tisa, uzifuate mzunguko baada ya mzunguko. Utakuta chane zote zinapita njia moja, moja nyuma ya nyingine, na baada ya mizunguko tisa kila moja iko pale ilipoanzia. Wewe mwenye hisabati utaona mara moja kinachofuata. Ukiwa na rangi mbili tu, weupe wa miyaa (majani ya kusukia) na wekundu, kuna njia 512 za kuzigawa chane tisa. Lakini nyingi kati ya hizo ni ukili ule ule ulioanzishwa mapema au baadaye kidogo. Ukiyatoa marudio hayo zinabaki 60. Sitini si nyingi. Mtu anaweza kuzisuka zote, moja baada ya nyingine, na kuziweka mezani. Hapo hapo una kazi ya kweli: je, katika 60 hizo ni zipi ambazo wasusi wa kwenu wanazisuka, zipi wanazijua lakini hawazipendi, na zipi hakuna aliyewahi kuzisuka? Hakuna kitabu kitakachokujibu. Itabidi usuke, uwapelekee, wazitazame.

Jambo la pili linatokana na hesabu ile ile, nalo naliona zito zaidi. Ikiwa kila chane inagusa kingo zote mbili, basi hakuna rangi inayoweza kukaa upande mmoja. Wekundu ulioanza kushoto utafika kulia, utake usitake. Kwa hivyo hesabu inatangaza kwamba ukili wenye ukingo mwekundu huku na mweupe kule, kwa urefu wake wote, hauwezekani. Anayetaka mstari mwekundu ulionyooka asuke ukili mzima mwekundu, kisha aushone kwa shazia, ile sindano kubwa, kando ya mweupe.

Mpelekee mama yako hoja hiyo. Nina hakika hatachukua muda kuona pengo lake, kwa sababu anaishi nalo: jani la mwaa si refu kama ukili. Chane inaisha, na msusi anaongeza nyingine. Hesabu ya hapo juu imechukulia kwamba chane hazina mwisho, na katika ususi wa kweli pale penye kuongeza ndipo penye hiari ya msusi. Anaweza kuingiza nyekundu kwa chane inayoelekea kushoto na nyeupe kwa inayoelekea kulia. Kilichotangazwa kuwa hakiwezekani kinawezekana, ila kina gharama zake: maungio mengi zaidi, majani yanayokatwa kabla urefu wake haujaisha, unene penye kila ungio, na pengine ukili usiolala sawasawa. Basi swali linajitokeza lenyewe. Kwa sura fulani ya rangi, ni idadi gani ndogo kabisa ya maungio inayohitajika, na msusi anaweza kuongeza mpaka wapi kabla ukili haujapoteza nguvu au usawa wake?

Angalia swali hilo lilivyokaa. Nusu yake ya kwanza ni ya hisabati, na msimamizi wako anaweza kuikagua mstari kwa mstari. Nusu ya pili haina mlango wa kuingilia isipokuwa mkono: lazima usuke, uvute, ukae juu yake, uuache uani wiki kadhaa, uwape wasusi wengine waushone. Unaweza hata kumwomba mwalimu wa fizikia apime ukili unakatika kwa uzito gani, penye maungio na pasipo maungio. Na wazee wa ususi wana neno la mwisho juu ya jambo ambalo si hisabati wala fizikia inayoliweza: huu bado ni ukili mzuri, au ni kituko?

Mimi hukataa kuita kazi "ya taaluma mbalimbali" kwa sababu tu ina wasimamizi wawili kutoka idara mbili. Nakubali pale ambapo kila taaluma imewekwa mahali inapoweza kuonekana imekosea. Hesabu ikisema maungio arubaini yanatosha na mkono ukaonesha hayatoshi, hesabu imefundishwa kitu. Mzee akisema sura fulani haisukiki na wewe ukaisuka, naye amefundishwa. Kama hakuna anayeweza kumkosoa mwenzake, mmeketi tu jamvi moja kila mtu na chai yake.

Usidhani kwamba unafungua njia isiyopitwa. Jirani yetu Msumbiji, mwanahisabati Paulus Gerdes alitumia miaka mingi kuchunguza ususi, ukiwemo ule wa mikoba ya Inhambane yenye mapambo ya rangi yanayojirudia kwa mikanda. Aliona kwamba katika kitu kilichosukwa kuna fikra za hisabati zilizoganda, na kwamba mtu akirudia hatua za msusi kwa mikono yake anaweza kuziyeyusha zikaonekana tena. Soma kazi zake mapema, kwa sababu mtahini wa hisabati atakuuliza umeongeza nini juu yake. Jibu lako, ukilifuata swali la maungio, litakuwa wazi: wewe unashughulika na mahali ambapo jani linaisha.

Na hapa hapa kwetu tuna mfano mkubwa zaidi. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, wakati Beit al-Ajaib, lile jumba kongwe la Unguja, ikiwa makumbusho, liliundwa humo umbo kamili la mtepe, chombo kile cha zamani cha Waswahili kilichoshonwa kwa kamba za usumba badala ya misumari. Mitepe ilikwisha kutoweka baharini karne ya 20 ilipokuwa bado changa. Palikuwa na maandishi, michoro na sanamu ndogo, lakini mchoro haukwambii kamba inakazwa vipi, tundu linazibwa na nini, au ubao upi unatangulia upi. Hayo huyajui mpaka umeketi nayo ukaunda. Vyaelea vimeundwa, na anayeunda upya kile kilichopotea anauliza maswali ambayo mtazamaji hata hajui kwamba yapo. Nakutajia mtepe kwa sababu nyengine pia: tanga lake lilikuwa mkeka, limesukwa kwa majani. Bibi zetu walisuka kitu kilichokamata upepo wa bahari ya Hindi. Akikwambia mtu kwamba ususi si jambo la kisayansi, mwulize tanga hilo lilihimili vipi mvutano wa maungio yake.

Ukitaka mfano wa chuo kikuu, ukaangalie kazi ya walimu wa sanaa za maonyesho wa Dar es Salaam, akiwemo Penina Mlama, waliokwenda Malya, mkoani Mwanza, mwanzoni mwa miaka ya 1980. Waliishi na wanakijiji, wakatunga nao michezo na ngoma juu ya matatizo ya kijiji, na mchezo wenyewe ukawa chombo cha kuyachunguza matatizo hayo, kwa sababu watu husema jukwaani mambo ambayo hawamwambii mwenye fomu ya maswali. Uwanja wao ni mwengine na wako, lakini hoja ya msingi ni hiyo hiyo, na imeshakubaliwa katika vyuo vyetu kwa zaidi ya miaka 40.

Tuje kwenye kile kitakachokuokoa siku ya mtihani: kumbukumbu. Watahini watakuuliza swali moja kwa sura nyingi: umejuaje? Ukijibu "nilisuka nikaona", hukujibu. Kinachogeuza kusuka kuwa ushahidi ni daftari lililoandikwa wakati mikono bado inafanya kazi, si miezi sita baadaye ukiwa unatafuta cha kujaza katika sura ya tatu.

Kabla hujaanza kila ukili, andika unatarajia nini na kwa nini. Sentensi mbili zinatosha, na uweke tarehe. Nalisisitiza hili kuliko yote, maana bila dhana iliyoandikwa kabla hakuna mtu atakayejua kama umeshangazwa, hata wewe mwenyewe. Akili ya mtu ni hodari wa kujifanya ilijua tangu mwanzo. Halafu andika jani limetoka wapi, limeanikwa vipi, chane ngapi, rangi gani na imechemshwa muda gani, umeongeza wapi. Ukiharibikiwa usifumue kwanza. Piga picha, andika kilichotokea, ndipo ufumue, au bora zaidi kata kipande hicho ukifunge kikaratasi chenye namba na tarehe. Ukili ulioshindikana una thamani kubwa kwako, kwa kuwa ndio unaoonesha mpaka wa jambo. Na kwa kuwa mikono ya msusi haiwezi kushika kalamu, weka simu karibu inayorekodi sauti, ujisemee unachofanya na unachofikiri. Utajihisi mgeni siku za mwanzo. Endelea.

Mama yako na bibi yako watakuwemo katika kumbukumbu hizo, na hapa nataka uwe mwangalifu kuliko mtafiti wa kutoka nje, si chini yake. Wewe ni mtoto wao. Hawatakukatalia, na kwa sababu hiyo hiyo ridhaa yao ni rahisi mno kuipata. Waeleze kwa utulivu kitakachoandikwa, kitakachopigwa picha na kitakachobaki maktabani kwa watu wote kukiona. Waulize kama wanataka watajwe kwa majina yao. Wako watafiti wanaoficha majina ya mafundi kwa kuona huo ndio uadilifu, huku majina ya wanazuoni yakijaa kila ukurasa. Mimi naona kuficha jina la fundi anayetaka kutajwa ni dhulma. Kama kuna sura ya ukili ambayo ni ya familia fulani au ya shughuli fulani tu, na wenyewe hawapendi isambae, iache, hata kama ndiyo nzuri kuliko zote. Na ukitumia siku nzima za msusi, zilipe kwa kiwango ambacho angepata kwa kusuka mkeka wa kuuza. Weka fungu hilo katika bajeti yako ya utafiti tangu mwanzo, lisije likatoka mfukoni mwa mapenzi yao kwako.

Tafuta pia msusi mmoja au wawili wasio ndugu zako, ikiwezekana wa kijiji kingine, wakikague ulichokisuka. Mama anaweza kuusifu ukili mbovu kwa sababu umesukwa na mwanawe.

Kuhusu haki, Zanzibar ina sheria yake ya hakimiliki ya mwaka 2003 na ofisi yake, COSOZA, mbali na zile za Tanzania Bara. Nenda kaulize mapema mambo mawili: haki za mkeka mpya ulioutunga wewe, na hadhi ya sura za jadi ambazo hazina mtunzi mmoja. Usisubiri mpaka picha zako zimeshaingia mtandaoni na mfanyabiashara wa mikoba ya watalii amezipenda.

Chuoni nako kuna mambo. Soma kanuni za masomo ya uzamivu za chuo chako kabla hujarudi kwa wasimamizi, na utafute kama zinaruhusu kazi ya ubunifu iwasilishwe pamoja na maandishi. Zikiruhusu, uliza maandishi yawe na urefu gani na kazi ihesabiwe vipi, upate jibu kwa barua. Zisiporuhusu, ushauri wangu ni usizipige vita mwaka wako wa kwanza. Sajili tasnifu ya kawaida katika hisabati au elimu, mikeka iingie kama data na kiambatisho, daftari liwe chanzo chako kikuu, na swali lako libaki lile lile. Hutapungukiwa na lolote la maana, na atakayekuja baada yako ataikuta kazi yako kama hoja ya kubadilisha kanuni. Najua wapo wenzangu watakaoniona mwoga kwa ushauri huu. Lakini nimeona vijana hodari wakimaliza nguvu zao zote wakipigania umbo la tasnifu, swali lenyewe likabaki bila kujibiwa.

Ukirudi kwa wasimamizi, omba kikao cha watu watatu. Usiwaone mmoja mmoja tena. Ndivyo unavyoishia kuvutwa. Nenda na karatasi moja tu na vipande viwili vya ukili. Karatasi iwe na swali lako, hesabu inasema nini, mkono unasema nini, na utajuaje nani yuko sahihi. Vipande viwili viwe vya rangi zile zile mbili, kimoja chenye maungio ya kawaida na kimoja ulichokilazimisha rangi ikae upande mmoja. Waache wavivute. Yule wa hisabati ataona kuna tatizo la kuhesabu ambalo halijatatuliwa, na yule wa utamaduni ataona kwamba hesabu haijaua chochote. Imempa msusi swali linalomhusu. Kwake yeye ongeza jambo moja. Wasusi wanahesabu. Anayesuka bila kuhesabu chane hapati ukili ulionyooka. Hesabu haikuletwa na wewe kutoka chuoni kuja kuvamia sanaa ya wazee. Ilikuwemo, na wenye nayo hawakuwahi kuulizwa.

Kwa siku ya utetezi wenyewe, pigania mikeka ionwe na watahini kabla ya mahojiano, si wakati wa mahojiano. Itandikwe chini, mahali penye mwanga wa kutosha, na waruhusiwe kuigeuza, maana maungio yanasomeka vizuri zaidi kwa nyuma. Itundike ukutani na wataiona kama mapambo, watakupongeza kwa rangi, kisha wataanza kuuliza maandishi yako tu. Panga vipande kwa mfuatano wa maswali, si kwa uzuri: kilichoshindikana kikae kando ya kilichofaulu. Na kama mtahini wa nje yuko mbali na atahudhuria kwa njia ya mtandao, mtumie kipande halisi kwa posta. Picha ya ukili haina unene.

Nakala za kumbukumbu ziwe mahali pawili tofauti. Miyaa huliwa na wadudu, rangi hufifia, na hata jumba lenye kuta nene si dhamana: Beit al-Ajaib iliyojengwa mwaka 1883 iliporomoka sehemu yake tarehe 25 Disemba 2020. Seti moja ya vipande ibaki chuoni na nyengine ibaki Pemba, kwa wasusi wenyewe au katika skuli yako. Ningependa sana hiyo ya pili iwe darasani, kwa sababu mwanafunzi wa kidato cha tatu anayeona mpangilio wa chane tisa mkononi mwake anaelewa jambo ambalo mimi nililisoma chuo kikuu kwa alama tupu.

Mwisho, kalenda yako. Kibali cha utafiti cha Zanzibar ni chake peke yake. Cha Bara hakikutoshi. Ukishakipata, fika kwa sheha wa kila shehia unayokwenda kukusanya, hata ile uliyozaliwa. Usipange kazi na wasusi katika msimu wa karafuu: wanawake watakuwa wanachambua na kuanika mpaka usiku, na majamvi yote yatakuwa uani chini ya karafuu. Miyaa yako ya mwaka mzima ikatwe na ianikwe wakati wa kiangazi, kabla masika hayajaanza mwezi wa Machi, kwa kuwa jani lililokauka nusu litakupa ukili unaolegea baadaye na vipimo vyako vyote vya nguvu vitakuwa vya uongo. Kwa hivyo peleka maombi ya kibali sasa, hata kabla ya kikao na wasimamizi.